Mshipa au Nafasi Tupu

Kolwezi, 11 Novemba 1993

Kwako ndugu yangu Tharcisse Muamba, baba wa ubatizo wa binti yangu Tatiana,

Nakusalimu, halafu nakusalimu tena, maana salamu moja haitoshi kwa miezi saba ya ukimya. U hali gani huko Mwene-Ditu? Mmepata paa lenu, au bado mnalala kwenye yale madarasa karibu na stesheni? Watoto wanaendeleaje? Na mama mkwe wako, mama Adolphine, magoti yake yamepoa baada ya safari ile?

Sisi huku tu wazima, kama uzima ni kuamka na kuhesabiana. Mke wangu Huguette anakusalimu sana. Tatiana ameota meno ya mbele na anauliza kwa nini parreni wake, baba yake wa ubatizo, haji tena Jumapili. Kampuni ya migodi imebaki jina na geti. Mtaa wenu wa Mutoshi utadhani watu walihama kwa hasira, milango mingi haina mbao, na nyumba yenu anakaa mtu nisiyemjua, anafuga mbuzi pale ulipopanda waridi.

Lakini habari ninayoitaka kuliko zote ni ya mama Mbombo, mkeo. Anakula? Ananenepa au anakonda? Mkono wa kushoto anaweza kuuinua mpaka juu, akajifunga kitambaa mwenyewe? Nakuomba usome barua hii ukiwa peke yako, na uisome mpaka mwisho hata ukikasirika njiani. Naandika kwa sababu ya ule uvimbe uliotolewa kwenye titi lake mwezi wa pili, na ile karatasi niliyowaletea stesheni, iliyosema ugonjwa haujatoka mahali pake. Karatasi ile usiiamini tena. Nalisema hilo mapema, usije ukasema nilikuzungusha.

Kazi yangu uliijua kwa jina tu, maana wewe ulikuwa fundi wa umeme kwenye bwawa la Nzilo na hukupenda harufu ya hospitali. Mimi ndiye ninayepokea nyama inayotolewa kwenye mwili wa mgonjwa. Naitia kwenye formoli isioze, naizamisha katika nta mpaka inakuwa kipande kigumu, kisha naikata kwa mashine vipande vyembamba hivi kwamba ukikohoa tu vinaruka. Kila kipande nakilaza juu ya kioo, nakipaka rangi, nakipeleka kwa madaktari wa darubini. Mimi sisomi. Mimi ni mpishi, wanaokula ni wengine. Ndivyo nilivyojitetea miaka yote.

Madaktari wenyewe uliwaona siku ya ubatizo wa Tatiana, wakigombea paja la kuku. Daktari Tshilombo ni yule mnene, mtu wa Kasai kama wewe, aliyekuwa akivuma nyimbo za misa huku anasoma vioo. Daktari Kalumba ni yule mwembamba, mtu wa kaskazini ya huku kwetu, anayefuta miwani kwa tai. Walikuwa na darubini ya kutazamwa na watu wawili kwa pamoja, sisi tuliiita macho manne. Walikaa hapo kila asubuhi magoti yakigusana, wakabishana mpaka saa ya bukari, ule ugali wetu, wakala sahani moja, wakarudi kubishana.

Walichobishania zaidi ni mishipa. Si ile ya damu, hiyo hata mimi naiona. Ni ile midogo inayochukua maji meupe ya mwili na kuyapeleka kwenye tezi za kwapani. Ugonjwa wa titi ukikaa mahali pake, mpasuaji anautoa na mama anarudi shambani. Ukiingia kwenye mshipa huo, umepata njia: leo uko kwapani, kesho uko mapafuni. Kwa hiyo daktari lazima aseme umeingia au haujaingia. Taabu ni kwamba ukuta wa mshipa huo ni mwembamba kuliko ule utando wa ndani ya yai, na nyama iliyochelewa kutiwa formoli hujikunja na kuacha nafasi tupu kuuzunguka ugonjwa. Nafasi hiyo na mshipa wa kweli ni mapacha. Tshilombo akiona mshipa aliweka nukta ya wino mwekundu juu ya kioo. Kalumba akiona nafasi tupu aliweka nukta ya bluu kando yake.

Nikuchekeshe kidogo kabla sijakuumiza. Mwaka juzi nilichukua kioo walichokwisha kukigombania, nikafuta nukta zote mbili, nikakipa namba mpya na kuwaletea kama kigeni. Tshilombo akasema hiyo ni nafasi tupu. Kalumba akasema hapana, huo ni mshipa, hata kipofu anauona. Kila mmoja alikuwa amekalia kiti cha mwenzake! Nilipowafungulia daftari, Tshilombo alicheka mpaka akakohoa, na Kalumba alininunia siku mbili nzima. Siku ya tatu aliniambia kwamba ndiyo maana lazima watazame wawili, na kwamba hata hao wawili si kitu mbele ya vidole vya mpasuaji kwapani. Tezi ikivimba pale, ubishi wa kioo umekwisha.

Uvimbe wa mama Mbombo ulifika mikononi mwangu siku ambayo formoli ilikuwa imekwisha. Ulikaa kwenye maji ya chumvi tangu saa nne asubuhi mpaka kesho yake, nilipopata nusu chupa kwa masista. Niliandika hivyo kwenye daftari, sikuficha. Mpasuaji alikuwa amemgusa kwapa kabla ya kumpasua na hakukuta kitu. Ugonjwa wenyewe hawakuubishania. Walibishania mahali pamoja tu, padogo, ambapo kifungu cha ugonjwa kilikaa ndani ya tundu.

Tshilombo alisema, “Hii ni mushipa, Kalumba. Ona ukuta yake.” Kalumba akamjibu, “Ukuta gani? Ni nafasi ya bule. Nyama ililala mu maji ya chumvi.” Zikawekwa nukta mbili, nyekundu na bluu. Desturi yetu ilikuwa kwamba wakishindwana, mimi nakata ndani zaidi ya kile kipande cha nta, vioo kumi vingine, nao wanakaa tena. Wakishindwana tena, vioo vinakwenda kwa daktari wa tatu Lubumbashi. Wangekubali ni mshipa, mama Mbombo angepasuliwa kwapa na kulala hospitali wiki nyingi. Walipanga kukaa tena Jumatatu.

Kabla ya Jumatatu hiyo, moto wa kuwafukuza watu wa Kasai ukaanza. Sina haja ya kukuhadithia wewe uliyelala kwenye dari yangu usiku nne na watoto. Ulisema mwenyewe kwamba nyumba yangu inaangaliwa na kwamba hutaki Tatiana achomwe kwa ajili yenu, mkaenda stesheni kukaa na wengine. Nilikukatalia kwa mdomo, lakini nilikusaidia kufunga mizigo. Unakumbuka nilivyofunga haraka.

Tshilombo nyumba yake ilivunjwa Jumapili. Jumatatu asubuhi alikuja kazini na kandambili, akaniambia nikate. Umeme ulikuwa umekatika, mashine haikuwaka. Tukiwa bado tunaangaliana, vijana wakaingia hospitalini na fimbo wakiimba “Bilulu batoke!”, yaani nyinyi wadudu mtoke, na kusema daktari wa Kasai anawaandikia watu wake magonjwa ya uongo ili wabaki. Kalumba alisimama mlangoni akatandaza mikono, na wao wakamsukuma. Tshilombo, wakimvuta kwa shati, aligeuka mara moja tu, na hakulilia nyumba wala vitabu vyake. Alisema, “Kalumba, ukate ndani zaidi.” Tangu siku hiyo macho manne yamebaki mawili.

Siku tano hatukuwa na umeme. Njia ya Lubumbashi ilikuwa imefungwa. Mkurugenzi akaagiza karatasi zote za watu wa Kasai zimalizwe kwa siku moja. Kalumba aliandika alichokiona yeye, kwamba ugonjwa hauonekani kwenye mshipa. Hakudanganya, ndivyo alivyoamini. Lakini aliniita kando, akanishika mkono kwa nguvu na kuniambia maneno ambayo nayasikia hata sasa: “Muulize juu ya kwapa. Kama iko kitu, hata kadogo, pasula hii karatasi, unileteye ye hapa. Nitamuficha mi mwenyewe.”

Nikaja stesheni. Wewe ulikuwa kwenye foleni ya maji. Mama Mbombo alikuwa ameketi juu ya godoro lililofungwa kwa kamba, mama Adolphine kando yake, watoto wamelala kwenye jua. Hatua mbili kutoka kwetu alisimama kijana mmoja wa wale wafukuzaji, mwenye kitambaa chekundu kichwani, anaandika majina. Nilimwuliza mama Mbombo kwa Kiswahili kama amesikia uvimbe wowote kwapani. Alicheka na kunijibu, “Hapana kitu, tata Mukalay. Mi niko muzima.” Nikampa karatasi. Uliporudi na ndoo uliisoma, ukanikumbatia mbele ya watu wote, ukasema sasa unaweza kupanda treni bila mzigo moyoni. Siku ya tatu mliondoka, watu wamejaa mpaka juu ya mabehewa. Nilisikia baadaye kwamba treni yenu ilisimama wiki mbili njiani na kwamba walizikwa watu kando ya reli. Niliomba kila siku msiwe nyinyi.

Mwezi uliopita tulipata kisu kipya cha mashine. Kalumba akaniambia nitoe vipande vyote vya nta vilivyobaki bila jibu. Cha mama Mbombo kilikuwa cha kwanza kwenye sanduku, kwa sababu nilikuwa nimekiweka juu mwenyewe. Nilikata ndani zaidi, kama alivyosema Tshilombo. Kwenye kioo cha nne, Muamba, hata mimi mpishi niliona. Ulikuwapo ukuta, mwembamba, mzima, umezunguka pande zote, na katikati yake kifungu cha ugonjwa kinaelea bila kugusa popote. Kalumba alitazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha alivuta mtoto wa meza wa Tshilombo, akatoa wino mwekundu. Ulikuwa umekauka, akautia tone la spiriti, na akaweka nukta kwa mkono wake mwenyewe.

Halafu aliniuliza kama kweli nilimwuliza yule mama juu ya kwapa. Nikamjibu kwamba nilimwuliza na alisema hakuna kitu. Alifuta miwani, akasema basi labda Mungu ametangulia. Nilirudi kuosha kisu, kana kwamba nilikuwa nimemwambia yote.

Sasa nakuambia, na ukitaka kunitukana nitukane kuanzia hapa.

Mama yangu mnamfahamu kama Mama Kabongo, mjane wa mzee Mukalay, mtu wa kaskazini. Jina lake ni Mbelu. Alizaliwa Gandajika, huko huko kwenu Kasai. Baba alimwoa akiwa kibarua wa reli. Nilipokuwa mdogo, mwaka ule wa uhuru, watu walipigana hapa kwa kabila, na baba akaapa kwamba nje ya mlango wetu hakuna atakayejua. Mlango ukifungwa mama alitubembeleza kwa Tshiluba, lugha yenu ya Kasai, ukifunguliwa akawa mtu wa Kabongo kule kaskazini. Nilikua hivyo. Huguette mwenyewe niliyemwoa nilimwambia baada ya mtoto kuzaliwa. Wewe sikukuambia kamwe, wewe uliyembeba binti yangu kwenye maji ya ubatizo. Mliongea Tshiluba mbele yangu kama mbele ya kabati. Siku ile mlipokula kwangu ukamnong’oneza mkeo kwamba bukari ya Mukalay inapimwa kwa kijiko cha dawa, nilisikia. Nilicheka moyoni nikakuongezea.

Na stesheni nilisikia. Mama Mbombo alinijibu kwa Kiswahili, kisha akamgeukia mama yake akasema kwa Tshiluba, haraka na kwa sauti ya chini. Kiluba cha baba yangu ni ndugu wa Tshiluba, na mtu mwenye Kiluba tu angeokota neno moja au mawili hapo. Mimi niliokota yote. Alisema kwamba kipo, kwapa la kushoto, kidogo kama karanga, kina wiki sasa. Alisema akikitaja watambakiza hospitalini, na Muamba hatakubali kuondoka bila yeye, na watamwua hapa pamoja na watoto. Alimwapisha mama yake asikuambie. Mama Adolphine aliapa huku anamshika kichwa.

Karatasi ilikuwa bado mkononi mwangu. Kuipasua ilikuwa kazi ya vidole viwili. Lakini yule kijana wa kitambaa chekundu alikuwa pale, ameinua kichwa kutoka kwenye majina yake, ananitazama. Ningefungua kinywa, angeniuliza swali moja tu, “Weye unasikia luga yao?” Niliona nyumba yangu, nikamwona mama yangu mzee akivutwa kwa kitenge, nikamwona Tatiana. Nikampa mkeo karatasi. Nilitabasamu nilipompa.

Baadaye nilijitafutia maneno mazuri. Nilijiambia kwamba amechagua mwenyewe, kwamba karanga ile inaweza kuwa uvimbe wa kidonda tu, kwamba treni iliwaokoa. Labda iliwaokoa kweli, sijui. Lakini sikunyamaza kwa ajili hiyo. Nilinyamaza kwa woga, na nilikuwa nimenyamaza siku nyingi kabla ya hapo.

Jumanne iliyopita nilimwambia Kalumba. Nilidhani atanipiga. Alisema polepole, “Miye na Tshilombo tulibishana juu ya kashimo ka bule. Kumbe jibu ilikuwa inalala mu masikio yako.” Kisha akachukua kalamu, akaandika barua ambayo utaikuta ndani ya hii.

Nisikilize sasa, Muamba, kila kitu kingine kinaweza kungoja. Daktari Tshilombo yu hai. Yuko Mbuji-Mayi, hospitali ya masista, watu wa soko la almasi watakuonyesha. Barua ya Kalumba ni yake. Kalumba anasema kama uvimbe bado unatembea chini ya vidole, kwapa linaweza kupasuliwa na kusafishwa, na viko vidonge vya kufuata. Ukiwa umeshikamana na mfupa ni shida zaidi, lakini nendeni hata hivyo. Usimwulize mama Mbombo, atakucheka kama alivyonicheka mimi na kusema yu mzima. Weka vidole vyako mwenyewe kwapani, upande wa kushoto, mkono wake ukiwa umelegea. Fanya leo. Mama Adolphine usimlaumu, mama aliyeapishwa na mtoto wake angefanya nini?

Na kama barua hii inakukuta umeshamzika, Muamba, sina cha kukuambia. Isome hata hivyo, na uitunze, ili watoto wakikua wajue ni nani aliyejua.

Barua hii nimempa Abedi, yule dereva wa lori la samaki wa chumvi, ambaye anaondoka leo. Vioo na kile kipande cha nta sikumpa, kwa sababu kwenye vizuizi wanamwaga kila kitu chini. Navileta mwenyewe. Jana nilikwenda stesheni, ambako watu wa Kasai bado wanangoja mabehewa. Karani wa orodha alitazama kitambulisho changu, akaniambia kwamba treni hii si ya kina Mukalay. Nikamtajia jina la mama yangu na mahali alipozaliwa, kwa sauti, watu wakasikia. Aliniandika, namba mia mbili na tisa. Nilipofika nyumbani jirani walikuwa wamejua tayari, na kazini sitarudi. Mama nimempeleka kwa masista. Huguette na Tatiana watakaa kwa wazazi wake, mtaa wa Manika, mpaka niwaite. Huguette alilia, kisha akaninyooshea shati.

Nikishuka Mwene-Ditu usije kunipokea stesheni. Usipoteze siku kunisubiri. Uwe umekwisha kumpeleka mama Mbombo, nami nitawafuata Mbuji-Mayi kwa miguu yangu.

Nisalimie watoto mmoja mmoja kwa jina. Mwambie mama Adolphine kwamba nilisikia kiapo chake, na kwamba namwomba radhi kwa magoti. Mama Mbombo mpe salamu hii ya Tshiluba, ya kutakiana uzima, ambayo kila siku alinitupia mlangoni akiingia kwangu, nami nikajifanya sielewi nikamjibu bonjour. Leo naiitika: moyo wenu.

Ni mimi,
Mukalay, mwana wa Mbelu wa Gandajika